Kiebrania cha Beseda

Mjukuu wa Bi Pazia alikuwa anakuja, na bibi mtu hakuwa na neno hata moja la kumkaribishia. Mtoto alizaliwa mbali, akalelewa kwa Kiebrania, lugha ya mama yake, kwa sababu baba yake ni injinia wa meli, na mtu wa meli nyumbani kwake ni mgeni: ukianza kumzoea, ameshaondoka. Kiswahili chote cha mtoto kilikuwa "bibi" na "ndizi". Sasa ukiwa na maneno mawili tu ya kuongea na mtu, na moja ni ndizi, utafika naye wapi?

Mama wa mtoto alikuwa amefariki miezi michache nyuma, baada ya kuugua muda mrefu. Tangu hapo mtoto aliishi kwa mama yake mdogo. Mwanamke mwema, Bi Pazia hakuwa na neno baya juu yake, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe; angekuwa mkorofi, mambo yangekuwa rahisi. Injinia alitaka mwanawe alelewe na bibi yake. Mama mdogo alikubali kwa sharti moja: mtoto aende akakae wiki moja, baba akiwapo. Akizoea, abaki. Akikataa kula, au akashinda analia, arudi kwake na habari hiyo isifunguliwe tena. "Mtoto halelewi na mtu asiyesikilizana naye," alisema kwenye simu, na Injinia akamfikishia mama yake maneno hayo bila kuyapunguza. Bi Pazia aliyameza kama kidonge kisicho na maji, maana yalikuwa ya kweli.

Alikuwa na mjukuu huyo mmoja tu. Mume alishatangulia, na Injinia ndiye mwanawe wa pekee. Akimkosa huyu atabaki bibi wa picha za kwenye simu, na simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya vitufe. Picha zenyewe hazifunguki. Wiki zile alikonda. Alikuwa akikata pazia huku anajiuliza mtoto akiamka ana kiu atasemaje, na mkasi unakwenda upande.

Ndipo akamwendea Beseda.

Beseda alikuwa dobi wa chumba cha chini, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Aliwahi kufanya kazi ughaibuni, akimtunza kikongwe mmoja mpaka alipofariki. Alirudi na sanduku moja na neno moja lililokataa kumtoka mdomoni: beseder, yaani sawa kwa Kiebrania. Umemletea shati, beseder. Umeme umekatika, beseder. Mtaa ulichoka, ukambatiza Beseda.

"Kukufundisha nitakufundisha," alisema, akigeuza kola ya shati chini ya pasi. "Lakini ujue mimi sikukaa darasani. Nilichookota ndicho nilicho nacho."

"Hata makombo nayataka, shoga. Mwenye njaa hana miiko."

"Beseder," akasema Beseda.

Masomo yalifanyika juu, ghorofa ya pili, kwenye chumba cha mbele ambacho Bi Pazia alikigeuza kuwa karakana. Palikuwa na cherehani dirishani, meza kubwa ya kukatia vitambaa katikati, na kochi la wateja lililochoka. Siku ya kwanza mwalimu alikaa kwenye kochi, akafumba macho, akajikuna kichwa. Hakuna kilichokuja.

"Maneno yangu yako mikononi," alisema mwishowe. "Hayaji nikikaa. Hebu lala hapo."

Bi Pazia akalala kwenye kochi. Beseda akamwekea mto chini ya kichwa, akachukua kijiko, akamwinamia, na Kiebrania kikaanza kutiririka kama bomba lililozibuliwa. Tiftakh et hape, fungua mdomo. Od kapit akhat, kijiko kimoja tu tena. Leat, leat, taratibu. Koev lekha, unaumwa? Tishkav, lala. Ani po, niko hapa. Al tefakhed, usiogope. Kiebrania kina namna yake ya kusema na mwanamume na namna yake ya kusema na mwanamke, na Beseda, ambaye miaka yote alikuwa akisema na bibi kizee, ilimlazimu kuligeuza kila neno limfae mvulana. Alifanya hivyo kwa bidii, jasho likimtoka.

"Na 'njoo tucheze' wanasemaje?" Bi Pazia aliuliza siku moja, kichwa kikiwa bado juu ya mto.

Beseda aliduwaa. "Tucheze? Yule mama alikuwa na miaka tisini na ushee, mwenzangu. Tungecheza nini, kombolela?"

"Basi 'twende dukani'."

"Dukani nilikwenda peke yangu."

"Basi hata utani kidogo! Huyu ni mume wangu, atakaa na mimi bila utani?"

"Mgonjwa haulizwi uji, atafanyiwa utani?" Beseda akasema, akamtia kijiko kitupu mdomoni. "Tiftakhi! Aa, nimekosea mwenyewe, hilo ni la mwanamke. Haya, tena."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini siku hizo wanawake hao wawili walikuwa na vipara. Hakuna aliyesimama akajiuliza maneno yale yametoka chumba gani.

Bi Pazia aliyasoma kama mtu anayefukuzwa. Aliyasema akikanyaga cherehani, akipanda ngazi na mabunda ya vitambaa, akichemsha maji. Ile kha ya kooni ilimtesa. Mteja mmoja alimpa pole akidhani amekwamwa na mfupa. Pazia la ofisi ya mwanasheria alilishona pindo la chini juu, akalifumua lote, akalishona tena, akalikosea tena. Neno moja likikaa, mawili yanatoroka. Alikuwa akisimama katikati ya chumba, mkono kifuani, akiyahesabu kama mtu aliyepoteza funguo, na lile lililokosekana ndilo aliloliona la lazima kuliko yote.

Siku walipofika alisimama mlangoni na gauni lake la kutokea. Injinia alipanda na sanduku, na nyuma yake mtoto wa miaka sita, shingo nyembamba, mkoba ameukumbatia kifuani badala ya kuuvaa mgongoni.

"Mume wangu huyo!" ilimtoka Bi Pazia kwa Kiswahili. Kisha akapiga moyo konde. "Boker tov!"

Boker tov ni salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa linazama. Mtoto alimtazama bibi, akatazama dirisha, akamtazama baba yake.

"Boker tov," akajibu kwa adabu.

Injinia alicheka, halafu akageukia ukuta kidogo, maana kicheko kilitaka kugeuka kitu kingine. "Mama, umejifunza wapi?"

"Kuuliza si ujinga," Bi Pazia akasema, na kwa jioni ile nzima akajiona ameshinda.

Asubuhi yake Injinia alitakiwa ofisini kwa kampuni ya meli kupimwa macho kabla ya safari ijayo. Alivaa viatu polepole, akimtazama mama, akimtazama mwana.

"Nitarudi kabla ya saa sita. Mtaweza?"

"Nenda zako. Wewe mwenyewe nilikulea bila kamusi."

Mlango ukafungwa. Mtoto alikuwa mezani, mikono ameikalia, mbele yake yai la kuchemsha ndani ya kikombe, mkate na maziwa. Hakula. Hakulia pia, aliutazama tu mlango aliotokea baba yake. Maziwa yakaanza kufanya ngozi juu. Akikataa kula, alisema mama mdogo. Bi Pazia alizunguka meza, akapanga kilichopangika, akafuta palipo safi. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo maneno yalivyozidi kumponyoka. Akaona asiposema sasa hatasema tena.

Alivuta kiti karibu, akainama. "Al tefakhed," alisema. Hata kha ilitoka vizuri. "Ani po."

Mtoto akainua macho upesi, akamtazama usoni. Amenielewa! Furaha ikampanda bibi kichwani. Akachota yai kwa kijiko, akamwaga hazina yote kwa mkupuo, sauti laini, mkono wa kushoto mgongoni kwa mtoto, vilevile alivyofundishwa. "Koev lekha? Tiftakh et hape. Leat, leat. Od kapit akhat."

Uso wa mtoto ulibadilika. Alirudi nyuma mpaka kiti kikagota ukutani. Polepole akaweka kiganja kwenye paji la uso wake mwenyewe.

"Ani khole?" akanong'ona.

Khole Bi Pazia alilijua: mgonjwa. Kwa hofu aliyokuwa nayo hakusikia swali, alisikia habari. Mtoto anasema anaumwa! Siku ya kwanza tu, mikononi mwake! Akaruka akamgusa paji, akamwonyesha chumbani. "Tishkav!" alisema. "Tishkav, tishkav!"

Mtoto akapiga yowe ambalo Bi Pazia hakudhani lingeweza kutoka kwenye kifua kidogo vile. Akachomoka chini ya mkono wake, akakimbilia karakana, akaingia chini ya meza ya kukatia, ambako kitambaa cha mteja kilining'inia mpaka sakafuni. Kikatikisika, kikatulia. Bibi alipoinua pindo alikuta macho mawili na miguu tayari kumpiga teke, akaliachia.

Alibonyeza simu. "Njoo," alimwambia Beseda. "Usiulize, njoo!"

Beseda alifika na ndala za rangi mbili. Alichuchumaa kando ya meza, akasema kitu taratibu. Akasema tena. Ndipo sauti ndogo ikaanza kutoka nyuma ya kitambaa, ikikatika, ikiendelea. Beseda alikuwa akitikisa kichwa kumwitikia. Kisha kichwa kikaacha kutikisika, akakaa sakafuni kabisa, miguu mbele.

"Anasema nini? Beseda, anasema nini?"

"Anauliza kama amepata ugonjwa wa mama yake."

"Kwa nini aulize hivyo?"

"Kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakimwambia mama yake kitandani." Beseda hakumtazama. "Usiogope. Niko hapa. Unaumwa? Kijiko kimoja tu. Taratibu. Halafu siku moja wakafunga mlango, na hakumwona tena."

Bi Pazia alishika ukingo wa meza. Wiki zote zile, jasho lote lile, alikuwa akijifunza kumkaribisha mjukuu wake kwa maneno yaliyomuaga mama yake. Alijionea aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alitaka kulia na hakuthubutu, asije mtoto akasikia.

"Mimi ndiye mjinga," alisema Beseda. "Nimekutia chumba cha mgonjwa mdomoni."

"Tuko wawili. Mwambie hana ugonjwa wowote. Mwambie sasa hivi."

Beseda akasema. Jibu lilirudi papo hapo, kavu.

"Anasema hata mama yake walisema atapona."

 Bi Pazia aliona kwamba hata angekijua Kiebrania chote, na cha vitabuni, kisingemfaa kitu. Mtoto hakukosa maneno. Maneno alikuwa nayo tele. Alichokosa ni mtu mzima wa kumwamini. Na akifika baba yake akamkuta chini ya meza, simu itapigwa kwa mama mdogo leo leo, na nani atamlaumu?

Sauti ikauliza tena kitu. Bi Pazia akadaka neno savta, bibi, na khola, mgonjwa wa kike.

"Ananiuliza mimi?"

"Anauliza kama na wewe ni mgonjwa. Ameviona vidonge vyako karibu na kopo la sukari." Beseda akapunguza sauti, ingawa alikuwa anasema Kiswahili. "Nimwambie ni peremende?"

"Usithubutu! Njia ya mwongo fupi. Mwambie bibi yake ana presha, anameza kidonge kimoja kila asubuhi, na hawezi kula vizuri kama zamani, na goti lake bovu. Mwambie vyote. Na kama haamini, aje anipime mwenyewe."

Beseda akatafsiri, akisitasita. Alipomaliza aliinua pua hewani. Kutoka chini, kwa njia ya ngazi, ilikuwa inapanda harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Pasi!" alipiga kelele. "Suruali ya watu!" Akatoka mbio, ndala moja ikabaki mlangoni. Upendo wa jirani una mipaka yake, na wa Beseda uliishia kwenye suruali ya mteja.

Bi Pazia akabaki peke yake, hana mkalimani, na maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa sumu. Alisimama kidogo akisikiliza pumzi ya mtoto nyuma ya kitambaa. Kisha akashika meza kwa mikono miwili, akashuka. Goti likalia. Akalala chali sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa na nyuzi, akafungua mdomo wazi kabisa, akangoja.

Alingoja sana. Dari lilikuwa na utando wa buibui ambao hakuwahi kuuona. Alifikiri: nikifa hapa sasa hivi kwa hofu, mtoto huyu hataongea tena maisha yake yote. Wazo hilo likamfanya aogope zaidi. Bado hakuufunga mdomo.

Kitambaa kikasogea. Kiganja kidogo cha baridi kikatua kwenye paji lake, kikakaa. Uso wa mtoto ukaja juu yake, umekunjamana, ukachungulia ndani ya mdomo kila upande, kama mteja anayetafuta kasoro kwenye kitambaa kabla ya kukichukua.

"Koev lakh?" mtoto akauliza. Unaumwa?

Neno lo, yaani hapana, lilikuwa ulimini tayari. Ndilo jibu la watu wazima wote. Bi Pazia akalimeza.

"Ken," alisema. Ndiyo. Akajipiga goti.

Mtoto akashtuka kidogo, hakulitegemea. Aliligusa goti kwa kidole kimoja. Kisha akagusa kiuno. "Po?" Hapa?

"Ken." Miaka ya kuinamia cherehani haikuwa ya mchezo.

Bega. "Po?"

"Ken."

Tumbo. "Po?"

"Lo."

Alirudi tumboni, akabonyeza kwa nguvu zaidi, akimtazama machoni.

"Lo," bibi akarudia.

Mabega ya mtoto yakashuka. Bi Pazia alimwona kabisa akipambanua, hapa ndiyo, hapa hapana, na akaona kwamba zile ndiyo ndizo zilizomfanya azikubali zile hapana. Kisha, bila kuuliza, mtoto akapiga magoti, akaweka sikio kifuani kwake.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika. Moyo wake ulikuwa unadunda kwa fujo, na mtoto alikuwa anausikiliza. Tulia, aliuambia kimoyomoyo. Tulia wewe moyo, usiniaibishe leo. Ukasikia hivyo ukazidisha.

Mlango ukafunguliwa. Injinia alimwona mama yake chali sakafuni, mdomo wazi, na mwanawe juu ya kifua chake. Bahasha ya vipimo ikamdondoka.

"Mama! Mama!"

Mtoto akainua mkono mmoja bila kuinua kichwa. "Sheket, aba."

Neno hilo Beseda hakuwa amemfundisha, lakini Bi Pazia hakuhitaji mwalimu. Baba ameambiwa anyamaze. Bi Pazia akamchezeshea mwanawe vidole ajue yu hai. Injinia akachuchumaa palepale mlangoni, mkono mdomoni, uso hauna damu. Naye alikuwa ameshawahi kuingia chumba cha namna hiyo.

Baada ya muda mtoto aliinua kichwa, akamweleza baba yake maneno mengi, akionyesha kidole hapa na pale.

"Anasema nini?" Bi Pazia aliuliza, bado yuko chini.

"Anasema..." Injinia alikohoa. "Anasema goti, kiuno na bega vimeharibika, lakini haviui. Ila moyo unakwenda mbio sana. Anauliza kwa nini."

Angeweza kusema ni presha. Angeweza kusema ni ngazi. Lakini alikuwa ameshaianza kweli, na kweli ukiianza huishii njiani.

"Mwambie naogopa," alisema. "Mwambie tangu niliposikia anakuja naogopa. Naogopa atanikataa, arudi kwa mama yake mdogo, nisimwone tena."

"Mama, huyu ni mtoto."

"Mwambie kama nilivyosema."

Injinia akamwambia. Katikati aliacha, akaanza upya, akamaliza. Mtoto alisikiliza bila kumtazama baba. Alikuwa anamtazama bibi. Hakutabasamu. Alifikiri, akauma mdomo wa chini, akasema maneno machache. Kisha akarudisha kichwa kifuani, safari hii si sikio tu bali shavu zima, na uzito wake wote.

"Anasema nini?"

"Anasema atangoja mpaka moyo upunguze mbio," alisema Injinia, akaja akaketi nao sakafuni.

Sakafu ilikuwa baridi na goti lilimuuma vibaya. Bi Pazia alilala vilevile, wala hakuuhimiza tena moyo wake utulie.